Jembe na Nyumba: Wapiga Kura wa TANU Walipowaangusha Mawaziri

Septemba 1965, wananchi wa Tanzania Bara walipiga kura wakiwa na chama kimoja tu mbele yao, TANU. Kura zilipohesabiwa, mawaziri wawili na mawaziri wadogo kadhaa walikuwa wamepoteza viti. Paul Bomani, Waziri wa Fedha na mmoja wa waasisi wa ushirika wa wakulima wa pamba wa Usukumani, aliangushwa Mwanza. Bibi Titi Mohamed, aliyewaingiza maelfu ya wanawake katika TANU wakati wa kudai uhuru, aliangushwa Rufiji.

Mambo yalianzia 1960. Katika uchaguzi wa mwaka huo TANU ilinyakua viti 70 kati ya 71, na 58 kati ya hivyo ilivipata bila kupingwa. Kiti kimoja kilichoiponyoka kilikuwa Mbulu, na aliyekichukua, Herman Sarwatt, alikuwa mwana TANU. Alisimama kama mgombea binafsi dhidi ya mtu aliyeteuliwa na chama chake mwenyewe, akashinda.

Mwalimu Julius Nyerere aliliona tatizo. Mahali ambapo jina la mgombea wa TANU lilikuwa sawa na ushindi, mwananchi hakuwa na namna ya kumwondoa mbunge asiyemtaka. Mwaka 1964 iliundwa tume chini ya Rashidi Kawawa kutafuta utaratibu wa demokrasia ndani ya chama kimoja.

Utaratibu uliopatikana ulikuwa hivi. Mkutano mkuu wa wilaya uliwapigia kura waombaji, kisha Halmashauri Kuu ya Taifa ikateua wawili. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine nyumba, ili hata asiyejua kusoma aweze kuchagua. Wote wawili walizunguka jimbo pamoja na kuhutubia mikutano ileile, kwa Kiswahili. Kutumia kabila, dini au rangi kuombea kura kulikatazwa.

Kwa kuwa sera ilikuwa moja, wananchi waliwapima watu. Nani anarudi jimboni? Nani anaisemea barabara, zahanati, kisima? Kipimo hicho hakikujali ukubwa wa cheo, na mara nyingi hakikujali asili ya mtu: Derek Bryceson, Mzungu, alishinda Dar es Salaam, na Amir Jamal, mwenye asili ya Kihindi, akashinda Morogoro.

Lakini mbunge alikuwa na mabwana wawili. Oktoba 1968 Halmashauri Kuu iliwavua uanachama wabunge kadhaa, nao wakapoteza ubunge bila wapiga kura wao kuulizwa.

Mvutano huo, kati ya vikao vya juu na watu wa chini, uliendelea hata baada ya vyama vingi kurudi 1992. Ndani ya CCM, chama kilichoirithi TANU, umejitokeza katika swali moja: nani apige kura za maoni za kumpata mgombea wa chama? Kwa miaka mingi kazi hiyo ilikuwa ya wajumbe wa mikutano ya chama. Mwaka 2010 chama kiliwafungulia mlango wanachama wote wenye kadi, na vigogo wakaonja shubiri. John Malecela, waziri mkuu wa zamani, alishindwa Mtera na Livingstone Lusinde. Huko Bumbuli William Shellukindo akampisha January Makamba.

Mwaka 2020 kura zilirudi mikononi mwa wajumbe. Wengi waliodhani wamekwisha kuwaweka sawa waliambulia kura za kuhesabika, na nchi nzima ikawa inasema, “Wajumbe si watu.” Usemi huo ulichekesha, lakini umebeba jambo zito: kundi dogo la wapiga kura ni rahisi kulifikia kwa bahasha, na mbunge anayepita kwa njia hiyo hudaiwa na wachache. Kuelekea uchaguzi wa 2025, CCM iliongeza idadi ya wajumbe wa kura za maoni, huku neno la mwisho juu ya jina la mgombea likibaki kwenye vikao vya juu, kama ilivyokuwa enzi za jembe na nyumba.