Kukanda miguu kwa namna ya Kichina: ilitokea wapi, na nani anapaswa kuwa mwangalifu

Katika miji ya China, kuanzia Beijing mpaka Guangzhou, kuko nyumba nyingi zenye zinafanya kazi moja tu: kukanda miguu ya watu. Kwa Kichina wanaiita zuliao, ni kusema kutunza miguu. Mutu anakaa kwenye kiti cha kuegemea, anaingiza miguu katika beseni la maji ya moto, mara nyingi yenye majani ya dawa. Kiisha mukandaji anaanza na vidole, wayo, kisigino, mpaka anapanda kwenye nyama ya muguu. Anakanda kwa nguvu sana, wakati mwingine kwa fundo la kidole. Wageni wengi wanalia kwanza, wanasinzia baadaye.

Waganga wa zamani wa China walifundisha kama ndani ya mwili kunapita nguvu yenye wanaita qi, na iko na njia zake. Njia ya figo inaanzia chini ya wayo, karibu na vidole, pahali panapoitwa Yongquan, maana yake chemchemi inayobubujika. Pahali hapo panatajwa katika Huangdi Neijing, kitabu cha uganga cha miaka kama 2000.

Lakini ile ramani ya rangi yenye mutu anaona kwenye ukuta, kidole kikubwa ni kichwa, katikati ya wayo ni tumbo, ile haikutoka katika vitabu vya zamani vya China. Imetoka Marekani. Munganga William Fitzgerald alitoa kitabu juu ya mambo hayo mwaka wa 1917, na Eunice Ingham akachora ramani yenyewe katika miaka ya 1930.

Ilifika Taiwan kwa mikono ya padri Mukatoliki. Josef Eugster, mumisionere wa Uswisi, alifika kule mwaka wa 1970. Magoti yalimusumbua. Mumisionere mwenzake akamupa kitabu cha Hedwig Masafret, muuguzi wa Uswisi, naye akajaribu mwenyewe, akapata nafuu, akaanza kukanda wakristo wa parokia. Mpaka leo Taiwan wanamujua kwa jina la Wu Ruoshi, na namna yake ya kukanda inaitwa kwa jina hilo.

Je, inaponyesha? Inapumzisha mwili, inapunguza uchovu, hapo hakuna ubishi. Lakini wachunguzi waliopima mambo haya hawajapata uhakikisho kama kufinya wayo kunaponyesha figo ao ini. Na kuko watu wanapaswa kujilinda. Mugonjwa wa sukari anaweza kupoteza hisia katika miguu: maji yanamuunguza bila yeye kusikia, na kidonda kidogo kinaweza kumufikisha kwenye kukatwa muguu. Mwenye muguu umoja umevimba na kuuma gafula asikandwe hata kidogo, juu pengine ni damu imeganda ndani. Huyo aende kwa munganga kwanza.

Kuko pia swali la mukate wa watu. Katika Taiwan, sheria iliachia kazi ya kukanda vipofu peke yao. Wakati nyumba za kukanda miguu ziliongezeka, watu wenye kuona wakaingia katika kazi hiyo, na mabishano yakafika mahakamani. Tarehe 31/10/2008, waamuzi wa Katiba walisema sheria hiyo inavunja usawa na haki ya kila mutu kuchagua kazi. Walitoa muda wa miaka 3 tu mbele ya kuiondoa, na wakaomba serikali itafutie vipofu mafunzo ya kazi zingine. Kwa kipofu aliyejifunza kazi moja tu maisha yake yote, miaka 3 ni michache. Katika China bara, serikali ilianza kufundisha vipofu kukanda tangu miaka ya 1950, na mpaka sasa kwenye barabara za miji unaona vibao vyenye kuandikwa kama ndani wanakanda vipofu.