Sarafu ya Tembo na Mfuko Mdogo

Juma hili nataka tuzungumze juu ya sarafu ya dhahabu iliyopigwa hapa hapa nchini, mjini Tabora, mwaka 1916. Nimeichagua kwa sababu wapo watu wengi wa kipato cha kawaida wanaotamani kuwa na sarafu moja ya kale ya dhahabu, ama kwa kumbukumbu ama kwa akiba ya watoto, na baadhi yao huishia kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Historia ya sarafu hii ina mafunzo kwa mnunuzi wa namna hiyo.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, manowari za Waingereza ziliifunga bahari yetu. Serikali ya kikoloni ya Kijerumani ikakosa shehena za fedha kutoka kwao. Ikachapisha noti za dharura, lakini karatasi haikuaminiwa. Askari alitaka mshahara wa kueleweka, na mkulima hakutaka kuutoa mtama wake kwa kipande cha karatasi. Ndipo karakana ya reli ya Tabora ilipogeuzwa kiwanda cha sarafu. Dhahabu ilitoka katika mgodi wa Sekenke, huko Iramba, nayo chapa ilichongwa na sonara Msinhala, mzaliwa wa kisiwa ambacho leo tunakiita Sri Lanka.

Sarafu yenyewe ilikuwa ya rupia 15. Upande mmoja ina tai wa dola ya Ujerumani, na upande wa pili tembo aliyeinua mkonga, nyuma yake mlima. Ina pia herufi T, yaani Tabora. Zilipigwa 16,198 tu, za namna mbili zinazotofautiana kidogo katika pambo: namna moja 9,803, na nyingine 6,395. Tarehe 19 Septemba mwaka huo huo majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora, na kazi hiyo haikurudi tena.

Sasa tuifanye hesabu. Wakati ule rupia 15 zilihesabiwa sawa na pauni moja ya Uingereza, na karibu sawa na mark 20 za Ujerumani. Pauni ya dhahabu ilikuwa na gramu 7.32 za dhahabu safi. Mark 20 zilikuwa na gramu 7.17. Sarafu ya tembo ilikuwa na uzito wa gramu 7.17, lakini ni ya karati 18, kwa hiyo dhahabu safi ndani yake ni gramu 5.38 tu. Aliyelipwa sarafu ile mwaka 1916 alipewa dhahabu pungufu, na kilichobaki alijaziwa kwa ahadi ya serikali iliyokuwa ikirudi nyuma kila mwezi.

Ajabu ni kwamba leo sarafu hiyo yenye dhahabu pungufu inaizidi pauni kwa bei, tena kwa mbali. Kwa nini? Kwa sababu ni chache, na kwa sababu ya kisa chake. Hapa ndipo penye funzo la kwanza. Anayenunua sarafu ya kale hulipia vitu vitatu: dhahabu iliyomo, uchache wake, na hali yake. Dhahabu hupimwa kwa mizani. Uchache na hali vinahitaji elimu, na asiye na elimu hiyo hulipia maneno ya muuzaji.

Kwa mwenye mfuko mdogo, basi, ushauri wangu ni huu: kama unataka dhahabu, nunua sarafu ambayo sehemu kubwa ya bei yake ni dhahabu yenyewe. Kwetu pwani sarafu hiyo inajulikana tangu zamani. Ni pauni, ile ambayo bibi zetu waliivaa katika mikufu. Uzito wake ni gramu 7.99, karati 22. Zile za Mfalme Edward wa Saba, za mwaka 1902 hadi 1910, na za Mfalme George wa Tano za 1911 hadi 1915, zilipigwa kwa mamilioni. Uzee zinao, lakini si adimu, na kwa kawaida bei yake haiko mbali na ile ya dhahabu. Ipo pia nusu pauni kwa asiyeweza nzima.

Akikwambia mtu kwamba yake ni adimu, tazama herufi ndogo iliyo juu ya mwaka. Pauni ya mwaka 1917 iliyopigwa London, isiyo na herufi, ni adimu kweli, na kwa sababu hiyo imeghushiwa sana. Ya mwaka huo huo yenye P, iliyopigwa Perth huko Australia, ni ya kawaida. Yenye herufi I ilipigwa Bombay mwaka 1918. Herufi moja yaweza kubadili bei mara nyingi.

Aidha, pauni iliyowahi kutiwa kikuku kwa risasi ya sonara imeharibika machoni pa mkusanyaji. Usiilipie bei ya sarafu safi. Ilipie bei ya dhahabu tu. Vilevile usiisugue sarafu ya kale ing'ae. Mng'ao wa kusugua hupunguza thamani.

Kuhusu bandia, nenda kwa sonara unayemwamini ukiwa na vipimo vyako kichwani. Dhahabu ni nzito kuliko shaba. Anayeghushi kwa shaba akitaka kufikia uzito wa pauni, hana budi kuifanya sarafu yake kuwa nene au pana zaidi. Kwa hiyo pima uzito, pima upana, ambao ni milimita 22, kisha pima unene. Kimoja kikikataa, ondoka.

Jambo jingine ni sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya mwaka 1863. Anayekunong'oneza kwamba ana sarafu iliyochimbwa katika magofu ya Kilwa anakuuzia kesi.

Na kama unachotaka ni historia zaidi kuliko dhahabu? Karakana ile ile ya Tabora, mwaka ule ule, ilipiga pia sarafu za shaba za heller 20, zaidi ya milioni moja, zenye herufi ile ile T. Hizo ndizo zilizopita mikononi mwa watu wengi, wapagazi na wauza mihogo. Bei yake leo ni sehemu ndogo sana ya bei ya tembo wa dhahabu. Wajerumani waliondoka, rupia yao ikafa, lakini kila mmoja wetu bado anaitaja heller yao kila siku anaposema hana hela.

Mimi ningekuwa na fedha kidogo ningeanza na hiyo ya shaba. Kisha ningedunduliza, nikanunua pauni moja iliyopimwa mbele ya macho yangu. Tembo ningemwachia mwenye uwezo wake.