Nani Alilipa Masomo ya Vijana Wetu?

Kila mwaka masomo yakifunguliwa, wazazi wengi wa Lubumbashi wanafika kwa padri wakiwa na deni. Mara nyingi ni deni ya kijana wa humanités, mwenye miaka 16 hata 19. Wengine wanafikiri kwamba tangu mwanzo wa Misioni muzazi ndiye aliyelipa mwalimu. Si kweli. Desturi hiyo ina miaka thelathini na zaidi kidogo, na inafaa tujue namna ilivyozaliwa.

Wakati wa Wabeleji, tangu miaka ya 1920, Serkali ilisaidia masomo ya Misioni kwa feza, na katika makambi ya Union Minière kumpani ililipa, Wabenedikto wakafundisha. Lakini feza ile ilienda zaidi kwa masomo madogo. Kumpani ilitaka wafanyakazi, haikutafuta wanasheria. Kisha uhuru wa 1960 humanités ziliongezeka sana. Mwisho wa 1974 Mobutu akatwaa masomo ya Misioni. Tarehe 26 Februari 1977 yakarudishwa kwa mapatano: Serkali ilipe walimu, Kanisa liongoze masomo.

Mapatano hayo hayakufutwa. Feza ndiyo iliyokauka. Mwaka 1986 Gécamines, tegemeo la hazina ya inchi, ilitoa karibu tani 470,000 za shaba. Mwaka 1994 haikufikisha 50,000. Mushahara wa mwalimu haukulisha tena jamaa yake. Walimu wakagoma, milango ikafungwa. Ndipo katika 1992 na 1993 Maaskofu na wazazi wakapatana: kila jamaa itoe kitu kidogo kusudi watoto wasipoteze mwaka. Watu wakaiita prime. Ilikuwa dawa ya siku chache, ikakaa. Wala haikubaki yote mukononi mwa mwalimu: sehemu yake ilipanda kwa maofisi, hata yale ya uongozi wa masomo ya Kanisa. Tusifiche neno hilo.

Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka Gécamines. Baba akakaa bila mushahara, na deni ya humanités ikaendelea palepale. Kijana wa miaka 17 ana nguvu za kuchimba ao kuuza sokoni, kwa hiyo jamaa ikikosa feza, yeye ndiye anayetolewa darasani mbele ya wadogo wake.

Septemba 2019 Serkali ikaondoa malipo katika masomo ya msingi, kama Katiba ya 2006 ilivyoagiza. Tulifurahi, na kwa haki. Humanités lakini hazikuingia katika agizo hilo. Hapo juu ndipo wazazi wanaendelea kulipa, na mwaka wa mwisho wanaongeza feza ya Examen d'État. Tumeona vijana waliomaliza miaka yote wakashindwa malipo hayo ya mwisho tu. Bila diploma, Universite ya Lubumbashi haiwapokei, na Seminari Kubwa vilevile.