Hili Pezi Halichezi

Bwejuu ziko mbili, na mtu akikuaga kwamba anakwenda Bwejuu, muulize ya wapi. Moja ni kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, jirani na Paje, ambako kusi na kaskazi siku hizi wana ajira ya pili: kukokota vijana waliosimama juu ya mbao, kila mmoja amejifunga kwenye tiara kubwa kama tanga la mashua. Ya pili ni kisiwa kidogo cha Mafia, kusini-magharibi ya kisiwa kikuu, mbele ya Ras Kisimani, katika mlango wa bahari unaotazama delta ya Rufiji. Katika majina yote mawili sikio langu halijaacha kusikia bwe, lile jiwe ambalo wengi tunalijua kwa wingi wake, mabwe. Lakini hilo ni la siku nyingine.

Nilikuwa nimepewa kazi ya kutafsiri karatasi moja ya maelekezo ya mbao hizo za Unguja: namna ya kuzifunga, kuzisafisha, kuzihifadhi. Sikufika mbali. Mstari wa tatu ulitaja vile vipande vinne vidogo vinavyochomoza chini ya ubao, na mkono wangu, bila kuniuliza, ukaandika "mapezi". Vijana wa ufukweni wenyewe husema fini. Fini imelegea, fini imekatika, nipe fini mbili. Nikaona hilo ni neno la kupita, nikashikilia pezi langu, nikaendelea na kazi. Kipande kimoja kilibaki mfukoni mwa begi, kikasafiri nami hadi Mafia bila nauli.

Kwenye Bwejuu hii ya pili nilimkuta mzee akichonga ngalawa chini ya kivuli.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nilipokuwa nikitafuta maji kwenye begi, kile kipande kikaanguka mchangani. Akakiokota. Ni plastiki nyeusi, urefu wa kidole, kimepinda kama kotama ya mgema. Akapitisha dole gumba ukingoni, mbele halafu nyuma.

"Hiki kinakaa wapi?"

"Chini ya ubao, fundi. Huku mwishoni."

"Kinageuka?"

"Hapana. Kimekazwa kwa skrubu."

"Unakiitaje?"

"Pezi."

Akanirudishia. "Pezi linacheza. Hili halichezi. Huu ni mkuku."

Nimefanya kazi ya maneno miaka mingi, na sikumbuki kusahihishwa kwa ufupi namna ile. Pezi la changu hufunguka na kufungwa kama upepeo. Samaki hulitumia kugeuka, kusimama, hata kurudi nyuma. Mkuku haufanyi lolote kati ya hayo. Ule ni uti wa chombo, umelala chini kimya, na kazi yake mojawapo ni kukataa: upepo unapokisukuma chombo ubavuni, mkuku unayakatalia maji yasipite kirahisi chini yake, na chombo kinakwenda mbele badala ya kwenda pogo. Kipande changu cha plastiki hufanya hivyo hivyo. Fundi alikuwa amekisoma kwa dole gumba.

Tena historia iko upande wake. Mbao za Hawaii za kupanda mawimbi zilitumika karne nyingi zikiwa na tumbo tupu, mpandaji akiburuza mguu majini ili ageuke. Mwaka 1935, huko Waikiki, Mmarekani Tom Blake akachukua kipande cha mkuku wa boti ya mwendo kasi iliyotupwa, akakifunga chini ya ubao wake. Nyuma ya ubao ikaacha kuteleza ovyo. Kwa hiyo chombo kilitangulia, samaki akaja baadaye. Wasemao Kiingereza nao walikiita kipande hicho kwa neno la mabaharia ambalo mzizi wake, katika lugha ya kale ya watu wa Skandinavia, ni ndevu. Ubao wenye ndevu! Hilo hata mimi nisingethubutu kulipeleka BAKITA.

Samaki aliingia miaka ya 1960 na George Greenough, Mmarekani mwingine, ambaye alitazama pezi la jodari na kuchonga la kwake mfano wa lile: kitako chembamba, ncha iliyolala nyuma, na mwili unaokunjika kidogo maji yanapoukandamiza kisha kurudi kwa kishindo. Hapo ndipo pezi lilipostahili jina lake.

Usiku ule, huko Kilindoni kwenye kisiwa kikuu cha Mafia, nilipata pia wakili wa upande wangu: potwe. Kila msimu, takriban Oktoba hadi Machi, papa hawa wakubwa waliojaa madoa hukaribia ufukwe wa Kilindoni, na kinachoonekana kwanza juu ya maji ni pezi la mgongoni. Pezi la papa halikunjwi kama la changu. Halina miba ya kufungua na kufunga. Ni gumu, limesimama, na kazi yake kubwa ni kumzuia mwenyewe asipinduke wala kuyumba anapopiga mkia. Yaani kuna pezi ambalo halichezi, na fundi amelitazama maisha yake yote. Ningependa kurudi Bwejuu nikamwambie, ila najua atanijibu kwamba basi papa ana mkuku mgongoni.

Tuseme basi ni pezi. Shida huanza baada ya jina, kwa sababu umbo la pezi ndilo tabia ya ubao, na kila sehemu ya umbo hilo inadai neno lake. Chini liliposhikwa na ubao ni kitako. Hapa hatuna haja ya kuunda kitu, maana mabaharia wetu walishauita mkuku utako pia. Kitako kipana humpa mpandaji msukumo anapoukandamiza ubao kwenye kona. Umbali kutoka kitako hadi ncha ni kina. Pezi lenye kina kirefu hushika maji barabara, lakini huuvuta ubao nyuma na kuufanya mgumu kuachia. Fupi huachia upesi, wakati mwingine kabla hujaomba. Na kuna ule mlalo wa kuelekea nyuma. Pezi lililolala sana hukata kona ndefu na pana, lililosimama wima huugeuza ubao karibu pale pale ulipo.

Neno lililonifurahisha kuliko yote nililipata jikoni. Kwenye mbao za mawimbi, mapezi ya pembeni mara nyingi hayafanani pande zote mbili: upande wa ndani ni bapa kama bapa la kisu, wa nje una tumbo. Pezi la katikati lina tumbo pande zote mbili. Nahodha yeyote analijua tumbo hilo, kwa kuwa tanga likijaa upepo linalo, na kazi ni ile ile. Maji yanayopita juu ya tumbo huenda kasi zaidi kuliko yanayopita upande wa bapa, na tofauti hiyo hulivuta pezi ubavuni na kuushikilia ubao kwenye ukuta wa wimbi. Bapa na tumbo: maneno mawili ya nyumbani, na yanatosha kabisa.

Mapezi ya pembeni pia hayasimami wima. Yametanuka chini kama miguu ya kigoda, na kutanuka huko huufanya ubao uitikie haraka. Vilevile hayatazami moja kwa moja mbele. Yanaelekeana kidogo kuelekea omo. Nilihangaika na hili siku mbili, nikapita kwenye "uelekeo wa ndani" na upuuzi mwingine wa aina hiyo, mpaka mtoto wa jirani alipoyatazama mapezi hayo pichani na kusema yana makengeza. Makengeza nikayaandika.

Idadi nayo ina hadithi, ila nitaipita haraka. Mark Richards wa Australia alitwaa ubingwa wa dunia mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, akitumia ubao wa mapezi mawili, mwepesi kama kiroboto lakini wenye hulka ya kwenda mrama kwenye mawimbi makubwa. Mwenzake Simon Anderson, mtu wa mwili mkubwa ambaye wepesi huo haukumfaa, akaongeza la tatu katikati, na mwaka 1981 akashinda nao mashindano ya Bells Beach. Mbao nyingi mpaka leo zina matatu.

Mbao za Paje na Bwejuu ya Unguja ni jamii nyingine: hazina tezi wala omo, huenda pande zote mbili, ndiyo maana mapezi yao manne madogo hukaa kwenye pembe. Nayo ni mafupi, na hilo linafaa pale ambapo maji yakipwa ndani ya mwamba hubaki ya kiunoni, ya gotini. Umbo na mahali vimepatana. Ngalawa ya Mafia imezaliwa kwa shari hiyo hiyo ya mafungu ya mchanga na maji ya bamvua yanayokimbia mbali: haina mkuku mrefu wa kushuka chini, imejipa mbao mbili za pembeni, zimebebwa na mirengu. Neno hilo nawaachia wanasiasa wetu wa mrengo wa kushoto na wa kulia, wanaokaa pembeni mwa ngalawa bila kulowa.

Siku ile ya fundi tuliondoka Bwejuu kwa ngalawa tumechelewa, maji yakiwa yanapwa. Karibu na fungu nahodha akaung'oa usukani, akauweka miguuni pangu, akashika pondo. Nikamuuliza, bila usukani tunashika maji kwa nini sasa. Akanionyesha ule ubao wa upande wa demani, uliokuwa umezama nusu, unachora mstari mweupe nyuma yetu.

"Huo," akasema, "na wewe usihame ulipokaa."

Karatasi yangu imesharudi Unguja. Inasema pezi. Vijana wanasema fini, isipokuwa makengeza, ambayo naambiwa wameyachukua.