Goma 1994: Misaada Yapimwa kwa Pamoja

Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walimiminika Goma, mji wa mashariki mwa Zaire (sasa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo), ndani ya siku chache; kipindupindu na kuhara damu vikaua watu wapatao 50,000 katika mwezi wa kwanza. Mashirika ya hisani yalikimbilia huko kwa makumi, mengine bila uzoefu wowote wa maji wala tiba. Tathmini ya pamoja iliyoanzishwa na Denmark na kutolewa 1996 ilisema hivyo waziwazi, ikaongeza lililo zito zaidi: misaada haiwezi kuchukua nafasi ya hatua za kisiasa. Wapo wanaojitetea kwamba mashirika hayakuwa na uwezo wa kuwanyang'anya silaha wauaji wa mauaji ya kimbari ya Rwanda waliokuwa kambini. Ni kweli. Lakini kugawa chakula kupitia viongozi walewale waliosimamia mauaji kuliwaongezea nguvu, na hilo halikuhitaji jeshi kuliona.