Kutoka Pumzi hadi Kichomi: Mwili na Mazingira katika Ushairi Huru wa Mjini

Mgogoro wa ushairi uliopamba moto nchini Tanzania katika miaka ya 1970 huelezwa kwa kawaida kuwa mgogoro wa vina na mizani: wanamapokeo wakizitetea kanuni, wanamabadiliko wakizikataa. Maelezo hayo ni sahihi, ila yanaliacha kando suala la mwili. Mizani si hesabu tupu ya silabi. Mshororo wa mizani 16, wenye ukwapi na utao wa mizani minane minane, ni kipimo cha pumzi ya mwimbaji. Na kina ni kituo cha sikio. Ndiyo maana Amri Abedi, katika Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri (1954), aliufungamanisha ushairi na uimbaji. Kwa mtazamo huo, si lazima mwili utajwe ndani ya shairi, kwa kuwa ndio unaolibeba.

Ni rahisi kudhani kwamba mji ndio uliouvunja uhusiano huo. Historia inaonyesha vingine. Mambo Leo, gazeti lililoanza kuchapishwa Dar es Salaam mwaka 1923, lilikuwa ukumbi wa mashairi ya kimapokeo, na Amri Abedi mwenyewe alikuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam. Mapokeo yalikwisha kuwa na makazi mjini. Kilichobadilika ni namna ya kusoma. Shairi la gazetini liliweza kuimbwa na kujibiwa kwa bahari ileile. Shairi huru, lililokuzwa hasa na wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lilielekezwa zaidi kwa macho ya msomaji mmoja aliye kimya.

Hapo ndipo Kichomi (1974), diwani ya kwanza ya Euphrase Kezilahabi, inapopata uzito wake wa kihistoria. Jina lenyewe ni la maradhi: maumivu ya ubavuni yanayomchoma mgonjwa kila avutapo pumzi. Pumzi iliyoondolewa katika mizani inarejea ikiwa maumivu. Katika “Dhamiri Yangu”, jambo lisiloonekana linapewa kamba na shingo, na mtu anakuwa kama mbuzi aliyefungwa mtini. Katika “Kisu Mkononi”, fikra za kifo zinashikika kiganjani. “Mgomba” nao unautoa mmea wa shambani na kuulaza mbele ya msomaji. Kwa mshairi huyu, mzaliwa wa Namagondo, Ukerewe, mmea na mnyama si mapambo ya kijijini yanayotamaniwa kutoka mbali. Ni vyombo vya hisi: kwavyo wazo linapata uzito, mkazo na jeraha.

Kwa hiyo, lawama ya wanamapokeo kwamba ushairi huru hauimbiki haikuwa ukaidi mtupu. Wimbo huzikutanisha pumzi nyingi. Kichomi humuuma mmoja. Walichohofia kukipoteza ni mwili wa jamii ndani ya sauti. Hata hivyo, walikosea walipodhani kwamba mwili umetoweka. Ulihama kutoka kwenye umbo hadi kwenye taswira, na hata jina la diwani ya Kezilahabi ya mwaka 2008, Dhifa, bado linamwita msomaji kwa njia ya kinywa na tumbo. Uhakiki unaoishia kuhesabu mizani, au kushangilia kutokuwapo kwake, hauwezi kuuona uhamaji huo.