Ziara ya Mikindani

Neno ziara lina kazi mbili katika Kiswahili. Hutumika kwa safari ya kwenda kutazama mahali, na hutumika kwa kwenda kaburini kusoma dua. Azuruye kaburi hujua kwanza ni nani aliyelala pale. Azuruye mji wa kale yampasa kuuliza swali lilo hilo, maana mji ni mawe kwa macho, lakini kwa akili ni watu.

Katika pwani ya kusini ya Tanzania, mji unaotajwa kwanza kwa ziara ya namna hii ni Kilwa Kisiwani. Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331, akausifu kwa uzuri wake na kwa uchaji wa watu wake. Msikiti Mkuu, ambao asili yake ni ya karne ya 11 na ambao uliongezwa baadaye kwa nguzo na makuba, bado huwavuta wageni. Na tangu 1981 magofu ya Kilwa yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kilwa inastahili fahari hiyo. Walakini fahari hiyo imewazoeza wengi kudhani kwamba mji usio na kasri wala kuba hauna historia, na dhana hii imeidhulumu Mikindani.

Mikindani iko kando ya ghuba iliyojificha, kama kilomita 10 kutoka Mtwara mjini, kaskazini ya mdomo wa Ruvuma. Vigae vya vyungu vilivyookotwa kandokando ya ghuba hiyo vimewaonyesha wachimbuzi wa mambo ya kale kwamba watu walikaa hapo tangu milenia ya kwanza. Wakati Kilwa ilipokuwa ikipokea vyombo vya Uajemi na China, wenyeji wa Mikindani walielekeza nyuso zao bara zaidi kuliko baharini. Katika karne ya 19 uso wa pili nao ulifunguka. Misafara ya Wayao ilishuka pwani na pembe za ndovu, majahazi yakapakia sandarusi, na pamoja na bidhaa hizo walipakiwa wanadamu.

Mgeni afikaye leo aghalabu huonyeshwa vitu vitatu. Cha kwanza ni Boma, lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895 chini ya kilima walichokiita kwa jina la Bismarck. Cha pili ni jengo liitwalo soko la watumwa, ambalo matao yake yaliyokuwa wazi yalizibwa lilipotengenezwa upya. Cha tatu ni nyumba yenye mlango wa nakshi, ambamo yasemekana David Livingstone alikaa.

Hapana uongo katika kuvionyesha vitu hivyo, bali pana upungufu. Livingstone alishuka Mikindani mwezi Machi 1866 baada ya kushindwa kuingia kwa mdomo wa Ruvuma, na mapema Aprili aliondoka kwenda bara. Alikaa siku chache tu. Katika msafara wake walikuwamo Susi, mtu wa Shupanga kando ya Zambezi, na Chuma, kijana wa Kiyao aliyeokolewa mikononi mwa wauza watumwa mwaka 1861. Livingstone alipofariki mwaka 1873, wawili hawa na wenzao ndio waliouchukua mwili wake mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Mgeni huambiwa jina la bwana wa safari. Majina ya waliomrudisha hayatajwi, sembuse ya wale waliopitishwa ghubani wakiwa na minyororo.

Boma nalo lina habari iliyofichwa na kuta zake. Mwaka 1888 watu wa pwani waliinuka kupinga Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, na mawakala wake walioko Mikindani wakalazimika kukimbia. Mwaka 1890 majeshi ya Wissmann yaliirudisha miji ya kusini chini ya mamlaka ya Wajerumani. Basi jengo lililosimama miaka mitano baadaye lilikuwa jibu la serikali kwa mji uliokwisha kuthubutu kusema hapana.

Bandari ya kina kirefu ilipofunguliwa Mtwara mwaka 1954, biashara ilihamia huko. Tangu hapo nyumba nyingi za mawe za Mikindani zimeachwa kwa mvua na mizizi ya miti. Boma lilikarabatiwa mwishoni mwa karne ya 20 likafanywa hoteli, na kazi hiyo ni njema. Ila ikiwa nyumba ya mtawala ndiyo pekee itakayosalia imara, wajukuu wataufahamu mji kwa ushahidi wa mtawala tu, nao watadhani kwamba historia ilishuka pamoja naye kutoka merikebuni.

Dawa ya jambo hili haina gharama kubwa. Wazee wa mji waulizwe habari za misikiti, makaburi na koo, na majibu yao yaandikwe kabla hayajazikwa pamoja nao. Majina ya Susi na Chuma yatajwe kila litajwapo la Livingstone, na mwaka 1888 usomwe mlangoni mwa Boma kabla ya mwaka 1895. Hapo mgeni atakuwa amezuru Mikindani kwa maana zote mbili za neno hilo.